Jicho la Yaya Léocadie

La Rochelle, Johannesburg. Jumapili, 10 Juni 2018

Yaya Léocadie ameniambia niandike kila siku nitakayokuwa huko. "Ukirudi utanisomea jioni nikishona," amesema. "Mimi sasa hata Zaburi, herufi zinakimbia kama sisimizi." Basi naandika. Tangu niache shule kule Uvira sijaandika kitu kirefu. Mkono umeanza kuuma hapa hapa.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Mama alipokufa ndiye alinilea, na ndiye alitangulia kuja Afrika Kusini, kisha akaniita. Ni fundi wa nguo, anashonea kwenye baraza ya spaza, kiduka cha jirani. Cherehani zilikuwa mbili. Moja ameiuza kwa ajili ya safari hii.

Safari yenyewe ni hivi. Mwezi wa kwanza, kwenye maombi ya kanisa letu Doornfontein, ndani ya ile karakana ya zamani, mama mmoja alipata maono. Aliniona mimi, François, nimesimama kati ya watu wenye nywele za kulala, na nyuma yangu milima myeupe. Pasta Évariste akauliza nani anajua watu wa namna hiyo. Nikasema namjua Bishnu. Ningenyamaza. Bishnu ni Mnepali, alikuwa mpishi kwenye hoteli moja Fordsburg, akikaa kwenye jengo ninalolinda mimi. Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao, na siku ya kuagana aliniambia karibu nyumbani, vile watu wanasema tu. Kanisa lote likapiga makofi. Nimepewa karibu miezi mitatu nihubiri na nilete ushuhuda.

Murielle, mke wangu, hakupiga makofi. Yeye ni msusi, kutwa nzima anasikia uongo wa watu kwenye kiti, halafu aje ausikie na kanisani? "Milima yote ya Kivu hukuihubiria hata siku moja," alisema, "leo unaenda kusumbua milima ya wenyewe."

Kitu kimoja nisisahau. Yaya ana presha ya jicho. Mwezi wa nne nilimpeleka hospitali ya serikali, mimi ndiye nilikuwa namtafsiria. Daktari alisema jicho la kushoto limeshaharibika sana, la kulia bado liko. Atie matone asubuhi na jioni bila kuacha, na arudi tarehe 7 mwezi wa nane afanyiwe operesheni. Alisema jicho likishaliwa na ugonjwa huu halirudi tena. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno. Nimemwambia Murielle amkumbushe matone.

14 Juni

Niko kwenye ndege. Miguu imevimba.

Simalghat, 17 Juni

Nimefika. Kutoka mji mkuu ni basi, usiku mzima kona na korongo, halafu asubuhi nchi ikalala chini kama mkeka. Tambarare kabisa. Mashamba ya mpunga, nyati, mbu, joto la kukamua shati. Nimemuuliza Bishnu, "Kaka, milima iko wapi?" Amenyoosha kidole kaskazini, kwenye wingu jeusi. "Iko pale nyuma. Mwezi wa kumi utaiona."

Mwezi wa kumi mimi nitakuwa getini Doornfontein.

19 Juni

Mvua.

22 Juni

Leo niuelezee huu mji, Yaya, uuone.

Una barabara moja. Mwisho wa barabara kuna tao la saruji, na ukipita chini ya tao uko India. Hakuna anayekuuliza kitu kama wewe ni wa hapa. Mama anavuka kununua vitunguu, mtoto anavuka kwenda shule. Mimi tu ndiyo siwezi kuvuka. Askari wa tao ananipungia mkono kila asubuhi, anajua nitafika kwenye mti wa mwisho nigeuke. Kimya cha mji huu ni cha kukuchosha. Kwetu Joburg ukisikia kimya unajua kuna jambo, hapa ndiyo maisha. Baiskeli, kengele ya hekalu, mvua kwenye bati.

Nalala nyumbani kwa Bishnu, wana vyumba vya wageni juu ya duka la chai. Mama yake wote wanamwita Aama, yaani mama. Ni mfupi, mkali, na haoni. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, meupe kama ugali wa muhogo. Anatembea kwa kushika ukuta na anajua nimekula kiasi gani kwa kusikiliza sahani.

Bishnu amenikalisha chini. "Kaka François, karibu kwetu mpaka uchoke. Lakini hapa kubadilisha mtu dini ni kosa la sheria. Ukitaka kuombea watu, waombee rohoni mwako. Mimi nina mama, nina duka."

Nikamwambia sharp, nimeelewa.

25 Juni

Mvua. Pasta Évariste ameandika kwenye simu neno moja: "Ripoti?"

28 Juni

Leo nimeingia shambani na wanawake wa jirani kupanda mpunga. Tope mpaka magotini. Wanaimba, wanarushiana tope, mimi nikarushiwa zaidi ya wote. Mmoja aliuliza kitu, wote wakaanguka kucheka. Bishnu akatafsiri: anauliza tope ukijipaka linaonekana kweli? Nikacheka na mimi. Tangu nifike ndiyo siku ya kwanza sikuwaza kanisa.

30 Juni

Pasta: "Frère, ndugu yangu, watu wanauliza. Umefunga na kuomba? Ripoti?"

Nimejibu mbingu imefunguka. Nilimaanisha mvua, lakini nilijua yeye ataelewa nini. Huo ulikuwa mlango, nami niliufungua mwenyewe.

2 Julai

Kila asubuhi naona wazee wanapita barabarani kwenye baiskeli za magurudumu matatu, jicho moja limefunikwa kitambaa cha kijani. Wengi wametoka upande wa India. Nimeuliza, kumbe kuna hospitali ya macho karibu na hapa. Wanavuka wakiwa vipofu, wanarudi wanaona. Bishnu amesema kesho anampeleka Aama, alikuwa anasubiri wamalize kupanda.

Nilifikiria macho yako, Yaya. Nikafurahi kwamba na wewe una tarehe yako.

4 Julai

Jana walimpasua Aama jicho la kulia. Leo asubuhi tulienda kufunguliwa kitambaa. Nilikaa kwenye benchi pamoja na Bishnu. Daktari ni msichana mdogo, anaimba chini chini akifanya kazi. Akabandua. Aama akapepesa, akapepesa, akamtazama mwanae, akamshika shavu akasema kitu. Bishnu analia anacheka. "Anasema nimenenepa." Halafu akanitazama mimi. Akaziba mdomo kwa shali, mabega yakatikisika. Alikuwa hajui kwamba mgeni wake ni mweusi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Tuliporudi nyumbani alikaa barazani anatazama kila kitu. Kuku. Mvua. Mikono yake. Simu yangu ikalia. Pasta: "Ripoti? Jumapili nasimama na nini mbele ya watu?"

Nikampa binti wa duka simu. Nikasimama nyuma ya Aama, nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake, nikafumba macho, uso nikauinua juu. Binti akapiga picha. Aama alishtuka kidogo, halafu akatulia.

5 Julai

Nimetuma picha. Chini nimeandika: "Mama huyu alikuwa kipofu. Sasa anaona."

Hakuna neno la uongo pale. Nimelisoma mara nyingi leo, na hakuna.

Ukurasa huu sitamsomea Yaya.

8 Julai, Jumapili

Wamenitumia video. Kanisa limejaa mpaka barabarani. Picha yangu imechapishwa kubwa, imebandikwa nyuma ya mimbari. Pasta anapaza sauti, "François wetu! Mlinzi wa geti! Mungu hakuchagua profesa!" Watu wanaruka. Halafu watu wakaanza kuacha mizigo. Kwetu ndivyo desturi ilivyo: ukiusikia ushuhuda ukaamini, unaleta mbele kitu cha ugonjwa wako unakiacha madhabahuni. Mmoja ameacha mkongojo. Mwingine paketi ya vidonge. Nimemwona na Yaya kwenye mstari, kitenge chake kile cha ndege wa bluu, ameshika kitu kidogo mkononi. Video ikakatika.

Nimeitazama tena na tena, na kila mara niliutazama uso wangu pale ukutani.

11 Julai

Mvua.

12 Julai

Mvua. Pasta anasema makanisa mengine yanataka kunialika. Hajauliza tena ripoti.

15 Julai

Murielle amepiga simu. Hakusalimia.

"François, yule bibi alifanyiwa operesheni?"

"Bibi yupi?"

"Usinichezee. Yule wa picha. Nimeikuza kwenye simu ya mteja. Kwenye shavu ana alama ya plasta."

Hapo ndipo nilikuwa na nafasi. Nasikia dereva wa teksi anapiga honi kule kwake, kwenye robot, zile taa za barabarani za kona yetu, naijua honi ile. Ningesema ndiyo, ingekwisha.

"Hapana," nikasema. "Ni mbu walimuuma, akabandika dawa."

"Haya," akasema, "kama ni mbu." Akakata.

Aama alikuwa ameketi karibu yangu, anachambua mchele kwa jicho lake jipya. Akaniokotea kijiwe kimoja akanionyesha, anatamba. Nikamwambia vizuri, Aama.

20 Julai

Mto umejaa. Wametoa mbuzi kwenye nyumba za chini.

24 Julai

Mvua. Sikula. Aama amesikiliza sahani yangu, ingawa sasa anaona.

29 Julai, Jumapili

Niandike polepole.

Yaya mwenyewe amenitumia ujumbe wa sauti. Sauti yake imechangamka kama msichana. "Mdogo wangu, Mungu akubariki. Nilikuwa nataka nikufanyie surprise ukirudi, lakini siwezi kungoja. Siku ile ya picha yako niliacha matone yangu madhabahuni. Chupa yote. Mpaka leo sijatia hata tone. Na hospitali siendi, nitawaambia nini, kwamba simwamini ndugu yangu? Kushoto kumekuwa giza kidogo, Pasta anasema ni ugonjwa unatoka. Nakungoja weye uje uniwekee mkono. Aksanti, mdogo wangu. Kula vizuri."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Kile kitu kidogo mkononi mwake kilikuwa chupa ya matone. Niliiona, nikatazama sura yangu.

Nimepiga simu, hajapokea. Jumapili wanakaa kanisani mpaka jioni.

30 Julai

Amepokea. Nimemwambia yote wima wima, bila salamu. Nikasema Yaya, yule mama alipasuliwa hospitali. Mimi sikufanya kitu. Nimedanganya. Tia matone leo, tarehe saba nenda.

Akacheka. Alicheka kwa upole, vile alikuwa anacheka nikiogopa radi utotoni.

"Pasta alituambia," akasema. "Alisema François atatikiswa kabla ya kurudi, atataka kuikana kazi ya Mungu. Usiogope. Mimi niko imara kwa ajili yako."

"Yaya, nisikilize!"

"Nakusikiliza. Weye pumzika."

Nilimpigia Murielle nikamwambia ile ya mbu ilikuwa uongo. "Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Nilitaka nione kama utasema mwenyewe." Halafu akaongeza, "Kosa langu na mimi, François. Nilikuwa nakungoja weye, kumbe jicho halingoji. Chupa sikujua, ananificha, ananiambia anatia. Lakini hanisikii mimi, anasema nina wivu na kipawa chako."

Nilitaka kuondoka leo leo. Bishnu amenionyesha barabara kwenye picha ya simu yake: daraja limekwenda na maji, mabasi yamepanga mstari. Upande wa India siwezi kupita, sina viza. Askari wa tao amenipungia mkono.

1 Agosti

Mtandao umekufa. Mnara umeanguka, au umeme, kila mtu ana lake.

3 Agosti

Mvua. Hakuna mtandao.

5 Agosti

Hakuna.

7 Agosti

Leo ndiyo tarehe yake. Nimezunguka barabara moja ya mji huu mpaka kwenye mti na kurudi, mti na kurudi. Mtandao hakuna. Nimejiambia labda ameenda. Labda Murielle amembeba mgongoni.

8 Agosti

Nimemwambia Bishnu. Nilifikiri atanifukuza. Alikunja vitambaa vya meza vyote vya duka kwanza, kimoja kimoja, ndipo akasema, "Umetumia sura ya mama yangu." Akaenda ndani kumwambia.

Aama alitoka na miwani yake ya giza ya hospitali. Alisimama mbele yangu. Alisema mengi, Bishnu akatafsiri kidogo tu. "Anasema, hapa hata mimi mwanae simshiki kichwa. Sisi tunaushika mguu wa mkubwa. Alikuachia kwa sababu wewe ni mgeni, alidhani kwenu ndiyo heshima."

Nikapiga magoti nikamshika miguu. Akaivuta. Halafu akauliza: huyo dada yako, ana miaka mingapi? Anafanya kazi gani? Nikasema anashona. Akarudia hilo neno la Kinepali la kushona, polepole, akatazama mikono yake. "Nipigieni," akasema, "nizungumze naye mwenyewe."

9 Agosti

Mtandao umerudi asubuhi. Murielle amesema Yaya hakwenda tarehe saba. Alijifungia akaimba mpaka Murielle akachoka kugonga.

Tumepiga simu ya video. Kule Murielle ameshika simu mbele ya Yaya, yuko kwenye cherehani yake. Huku ni Aama, Bishnu na mimi. Aama anasema Kinepali, Bishnu anageuza Kiingereza, mimi nageuza Kiswahili. Yaya hana njia nyingine ya kumsikia mama huyu isipokuwa mdomo wangu mimi. Nililiona hilo kabla hata sijafungua mdomo.

Waliangaliana kwanza. Yaya aliisogeza simu upande wa jicho lake la kulia, karibu, karibu sana.

"Ni yeye kweli," Yaya akasema. "Mama, shikamoo. Mwambie nimesali sana juu yake."

Nikatafsiri. Aama akakunja mikono kifuani kumsalimia. Halafu akavua ile miwani, akajivuta kope kwa kidole, akasogeza jicho kwenye simu.

"Anasema tazama vizuri. Anasema..."

"Anasema nini?"

"Anasema uangalie alama."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo," Yaya akasema. "Mimi nimekulea, najua ukibana. Tafsiri."

"Anasema alikatwa. Kwa kisu. Na daktari msichana, alikuwa anaimba. Anasema alitoka pale anaona, mimi sijamgusa bado. Mtu wa pili aliyemtazama ni mimi, akacheka kwa sababu mimi ni mweusi."

Yaya hakucheka. "Muulize, huyu ndugu yangu alimwombea kabla?"

Aama alinitazama akajibu neno moja.

"Hapana," nikasema.

"Na weye ulijua amekatwa? Siku ya picha?"

"Nilijua. Nilikuwa kwenye benchi."

"Hilo nimesikia mimi. Mtafsirie na yeye, asikie vile umenijibu."

Nikageuka nikamwambia Bishnu kwa Kiingereza: nilijua, nilikuwa kwenye benchi. Bishnu akamwambia mama yake. Ilipita midomo miwili ikafika, na Aama akatikisa kichwa kando kando vile wanafanya hapa, akanyoosha kidole kwenye simu, akasema kwa ukali.

"Anasema, dada, amka uende. Huyu mjinga atakuja kuomba msamaha baadaye, jicho halina baadaye."

Yaya aliweka mkono juu ya cherehani yake. Halafu akageuza uso, hakuniangalia tena.

"Murielle," akasema, "nitafutie viatu vyangu."

13 Agosti

Wamemlaza.

20 Agosti

Murielle amepiga. Jicho la kulia wamelipasua, presha imeshuka, litabaki kama lilivyo akitunza. La kushoto limezimika. Murielle alimuuliza daktari kama lingeokoka angekuja tarehe yake. Daktari alisema hawezi kuapa, lakini wiki zile zote bila dawa ndizo zilimaliza kilichokuwa kimebaki.

Naandika hivyo tu.

28 Agosti

Naondoka leo. Wamejenga daraja la miti la muda, mabasi yanapita moja moja. Aama amenipa mchele wa shamba lile nililopanda, wa mwaka jana. Bishnu ametoa mkono, hajasema nirudi.

Doornfontein, 2 Septemba, Jumapili

Nimesimama kanisani. Pasta Évariste alikuwa ameniandalia kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe. Jana nilimwambia ofisini nitasema nini, akanishika bega: "Frère, Mungu anatumia na madaktari. Kwa nini uwavunje watu moyo? Sema tu Mungu alimponya, hiyo ni kweli." Nikamwambia nimeshasema maneno ya kweli namna hiyo, nimeyaona yakifanya kazi.

Nilishika kipaza sauti. Nilisema kwamba picha ile ukutani ni ya mama aliyetoka hospitali. Pale pale Pasta akampa ishara Ignace wa kinanda. Ignace akaanza, kwaya ikaamka, nikaimbiwa. Nikaendelea kusema chini ya wimbo. Kipaza sauti wakakizima. Nikaendelea kwa mdomo mtupu. Mstari wa mbele tu ndio walisikia, na mstari wa pili labda. Niliwaambia warudie dawa zao. Yule mwenye vidonge, kijana mmoja wa Uvira kama mimi, alikuwa analia anaimba, sijui alisikia lipi.

Nilibandua ile picha mwenyewe. Hakuna aliyenizuia. Mimi na Murielle tukatoka.

Yaya hakuja.

9 Septemba

Nimeenda kwa Yaya. Aliacha mlango wazi, hakunikaribisha. Nikakaa kwenye ndoo. Alikuwa anajaribu kutia uzi kwenye sindano, anakosa, analamba uzi, anakosa. Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

16 Septemba

Nimeenda. Ndoo ile ile. Hakunipa.

23 Septemba

Leo amenipa sindano bila kunitazama. Nikatia uzi. Akasema, "Zote," akanisukumia mto wa sindano.

Sasa kila asubuhi kabla ya zamu ya geti napita kwake, nazitia uzi zote, nyeupe, nyeusi, bluu, nazichomeka kwa mpangilio anaoujua kwa vidole. Halafu naenda kazini.

7 Oktoba

Yaya: "Uliandika?"

"Niliandika."

"Lete."

14 Oktoba, Jumapili

Mvua ya kwanza ya Joburg. Radi, mawe ya barafu kwenye bati la spaza, halafu harufu ile ya vumbi.

Nimemsomea kwa wiki nzima, kidogo kidogo, yeye anashona. Ukurasa ule niliosema sitamsomea, niliusoma, na yale maneno kwamba sitamsomea niliyasoma pia. Cherehani ilisimama. Ikakaa. Ikaendelea. Nilipofika kwa wanawake wa mpunga na tope alicheka, akajikasirikia kwa kucheka. Leo nimefika mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Yaya."

"Mbona milima hujaiandika? Ile ya maono. Uliiona au hukuiona?"

Kweli sikuiandika. Nikamwambia kama ilivyokuwa. Asubuhi ya kuondoka mvua ilikatika. Nilikuwa nangojea basi na mfuko wa mchele. Mama mmoja wa chai akanigusa kiwiko akaonyesha kaskazini, na lile wingu lililokaa pale tangu nifike lilikuwa limefunguka. Mwanzoni nilidhani ni wingu jingine juu yake. Nyeupe, mbali, juu sana kuliko mahali nilipokuwa natazama siku zote. Kabla chai haijapoa ikafungika.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Sikusikia sauti. Nilikuwa na njaa."

Akaushika mguu wa cherehani, akafikiri. Jicho lake la kushoto linatazama mlangoni, halioni.

"Ulipiga picha?"

"Hapana, Yaya."

"Vizuri," akasema, akaninyooshea sindano. "Tia nyeusi."